Muda wa Kujaribu Utoke Wapi?

Barua za mwezi huu zinatoka sehemu mbalimbali, lakini nyingi zinauliza jambo lilelile kwa sura tofauti. Kazi mnayoijua ndiyo inayolipa mishahara ya leo. Kazi mpya ndiyo itakayolipa mishahara ya miaka ijayo, ikifaulu. Zote mbili zinataka watu walewale na saa zilezile. Tumechagua barua saba. Majina ya kampuni tumeyaondoa, na barua ndefu tumezifupisha.

IJUMAA YA UBUNIFU IMEKUFA

Swali: Habari za kazi. Ninaongoza timu ya watu 6 wanaotunza mfumo wa mikopo unaotumiwa na SACCOS kadhaa. Mwaka jana uongozi ulitupa Ijumaa mchana iwe ya ubunifu, kila mtu ashike wazo lake. Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Baadaye ikawa kila Ijumaa kuna SACCOS inapiga simu, mara riba haijakaa sawa, mara ripoti haifunguki, na mchana wote unaishia huko. Sasa bosi anasema timu yangu haina ubunifu. – Kiongozi wa timu, Dar es Salaam

Jibu: Timu yako haina kasoro. Ubunifu mmeuweka kwenye mabaki ya wiki, na mabaki huliwa na aliye karibu. Riba ikirekebishwa, mteja anashukuru kabla ya saa 11 jioni. Jaribio likifanywa leo, matunda yake ni mwakani, au hayapo kabisa. Profesa James March wa Chuo Kikuu cha Stanford alilieleza jambo hili mwaka 1991: penye kazi yoyote, lenye faida ya karibu na ya hakika hulisukuma pembeni lenye faida ya mbali na ya mashaka. Kwa hiyo kuwahimiza watu hakutasaidia. Kinachosaidia ni ratiba.

Piga hesabu. Watu 6 kwa siku 5 ni siku-kazi 30 kwa wiki. Nusu siku ya Ijumaa kwa watu 6 ni siku-kazi 3, yaani asilimia 10. Kiasi hicho kinatosha kabisa. Ubaya ni kwamba kimekatwa vipande 6 vya saa nne nne. Mwandishi wa programu akipewa saa nne, ya kwanza inakwenda kukumbuka alipoishia wiki iliyopita, na ya mwisho anaanza kufikiria daladala.

Badilisheni mgawo bila kuongeza hata saa moja. Kila wiki mbili mna siku-kazi 6. Wapeni watu 2 siku 3 mfululizo, Jumanne hadi Alhamisi. Wanne waliobaki wabebe kazi ya kawaida, na mmoja wao ashike zamu ya simu. Kwa mzunguko huo kila mtu anafikiwa mara moja kila wiki sita. Epukeni siku za mwisho wa mwezi, SACCOS zinapofunga hesabu. Wawili hao wakae chumba kingine, na watolewe kwenye kundi la WhatsApp la wateja kwa siku hizo tatu. Hilo la WhatsApp linaonekana dogo, lakini ndipo mipango mingi ya aina hii inapovunjikia.

Kabla ya kuanza waandike karatasi moja yenye mambo manne: swali, watakachofanya, ukomo wa siku na fedha, na matokeo yatakayowafanya waache. Mfano: je, mkopaji akipata SMS siku 3 kabla ya tarehe ya rejesho, ucheleweshaji unapungua? Chukueni SACCOS moja iliyokubali, wanachama 400 wenye mikopo. Wenye namba shufwa wapate SMS, wenye namba witiri wasipate. Kama kawaida wanaochelewa ni 20 kati ya 100, basi kwa watu 200 kila upande tofauti ya chini ya pointi 8 za asilimia inaweza kuwa bahati tupu. Andikeni hilo mapema, kabla ya kuona namba, la sivyo mtashangilia pointi 3. Na kwa majaribio ya ndani ya mfumo, tumieni nakala ya data iliyoondolewa majina na namba za simu. Tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na jaribio la ubunifu si kinga.

Bosi naye apunguziwe haraka. Kampuni ya 3M ya Marekani imekuwa na utaratibu wa asilimia 15 ya muda tangu 1948, na mfano wake maarufu ni vile vikaratasi vya kubandika, Post-it. Gundi yake iligunduliwa 1968, matumizi yake yakafikiriwa 1974, na bidhaa ikaanza kuuzwa Marekani nzima 1980. Ni miaka 12. Akiuliza mbona robo mwaka imepita na hakuna kitu, mpe hiyo tarehe ya kwanza na ya mwisho.

MAFUNDI HAWATAKI KUJARIBU

Swali: Kiwanda chetu kinashona mashati, na bonasi inalipwa kwa idadi ya vipande. Tumeleta njia mpya ya kushona kola yenye hatua chache. Tumefundisha, tumeomba, lakini kila mshonaji anarudi kwenye njia ya zamani msimamizi akigeuka. Je, tutoe zawadi kwa mbunifu bora wa mwezi? – Afisa wa rasilimali watu, Athi River

Jibu: Zawadi ya mwezi tunaikataa. Anapata mmoja, wengine 80 wanapiga makofi na kurudi kwenye cherehani zao.

Mshonaji wenu amepiga hesabu vizuri kuliko ofisi. Tuseme anashona kola 400 kwa siku. Siku ya kwanza ya njia mpya atashona 250. Zile 150 zilizopungua zinakatwa kwenye bonasi yake, ilhali faida ya njia mpya itaingia kwa kiwanda. Mnamwomba awadhamini.

Ondoeni gharama hiyo mikononi mwake. Chagueni washonaji 4: wawili wa kasi ya kati na wawili hodari. Msichukue wale wa polepole, maana hutajua kama tatizo ni njia au mkono. Kwa siku 10 za kazi walipeni wastani wa vipande vyao vya siku 10 zilizopita, hata wakishona nusu yake. Andikeni idadi mara mbili kwa siku, saa 6 mchana na mwisho wa zamu, pamoja na kola zilizorudishwa na wakaguzi. Kama mwanya utapungua taratibu kutoka vipande 150 hadi sifuri, mtakuwa mmelipia takriban vipande 75 kwa mtu kwa siku, yaani 3,000 kwa watu wote kwa siku 10. Hiyo ndiyo bei ya jibu. Linganisheni siku ya 10 na njia ya zamani. Siku ya kwanza haisemi chochote. Kama siku ya 7 hakuna hata mmoja aliyefikia 360, simamisheni.

Na njia ikifaulu, msipandishe lengo wiki inayofuata. Waacheni wavune tofauti kwa muda mliokubaliana nao, miezi 3 kwa mfano. Mkipandisha mara moja, hilo litakuwa jaribio la mwisho kuletewa ushirikiano.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kama kaizen haitoshi. Kaizen, njia ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo inayofundishwa viwandani kwetu kwa ushirikiano na Japani, ni nzuri sana kwa kuboresha kola mnayoshona tayari. Haitakuambia kama mashati ndiyo bidhaa ya kushona baada ya miaka mitano. Hizo ni kazi mbili, na zinapimwa kwa vipimo viwili. Kazi ya kila siku ipimeni kwa vipande, makosa na muda. Majaribio yapimeni kwa mangapi yalifikia jibu, liwe ndiyo au hapana, siku ngapi zilipita tangu wazo hadi jibu, na kila jibu liligharimu kiasi gani. Msihesabu yaliyofaulu. Yakifaulu 10 kati ya 10, mlikuwa mnajaribu mnachokijua.

Vipimo vikichanganywa madhara huonekana hata kwa wakubwa. Hiyo hiyo 3M ilipata mkuu mpya, James McNerney, aliyeiongoza kuanzia 2001 hadi 2005 na kusambaza Six Sigma kila idara, nidhamu ya kuondoa tofauti na makosa kwenye uzalishaji. Kiwandani ilisaidia. Kwenye maabara ya utafiti, ambako tofauti ndiyo malighafi, watafiti walilalamika, na mrithi wake George Buckley akailegeza huko.

MKATE ULIOLALA

Swali: Shikamooni. Nina kiwanda kidogo cha mikate, wafanyakazi 9, tunatumia kilo 300 za unga kwa siku. Bei ya ngano ilipopanda, mwokaji mmoja aliomba ajaribu kuchanganya unga wa muhogo. Nikamruhusu. Usiku huohuo akakanda mfuko mzima wa kilo 50, mikate ikalala kama chapati, maduka yakarudisha yote. Tangu hapo nimepiga marufuku majaribio. Ila nasikia wengine wanauza mkate wa muhogo na unatoka. – Mama wa mikate, Morogoro

Jibu: Marahaba, mama. Marufuku iondoe, lakini uweke kipimo. Kujaribu hakukuwa kosa. Kosa ni kilo 50.

Mfuko mmoja unatoa donge la kilo 85 hivi, karibu mikate 190 ya gramu 450 za donge. Jaribio lisizidi kilo 5 za unga, na pembeni yake ukande kilo 5 nyingine za mkate wako wa kawaida usiku huohuo, kwa hamira ileile na maji yaleyale. Kilo 10 kati ya 300 ni asilimia 3 tu, na nusu yake ni mikate ya kuuza kama kawaida.

Kwa kilo 5 zenye asilimia 10 ya muhogo: unga wa ngano kilo 4.5, unga wa muhogo nusu kilo, maji lita 2.9, sukari gramu 300, mafuta gramu 150, chumvi gramu 90, hamira kavu gramu 50. Kama fomula yako ina vipimo vingine, baki na vyako. Badilisha muhogo peke yake. Hapa ndipo waokaji wengi wanapoharibu. Donge likionekana gumu kidogo wanaongeza maji, wakiona haliumuki wanaongeza hamira, asubuhi mkate ni mbaya na hakuna anayejua nini kimeuharibu. Ukihisi donge ni gumu, andika "gumu" na uliache hivyo. Maji yatakuwa jaribio la wiki ijayo.

Kwa nini ulilala? Ngano ina gluteni, utando unaoshika hewa ya hamira. Muhogo hauna kabisa. Kadiri unavyozidisha muhogo, utando unapungua nguvu, na donge likiachwa liumuke kwa muda uleule wa kawaida linapanda, linapita uwezo wake, kisha linaanguka likigusa joto la oveni. Kwa hiyo jaribio la pili, baada ya kujua kiasi cha muhogo, ni muda wa kuumuka. Kama kawaida ni dakika 60, anza kukagua dakika ya 45. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole na kubaki alama, ingiza ovenini. Likibaki shimo bila kurudi, umechelewa.

Usitumie mkupuo wa kwanza wa usiku, joto la oveni halijatulia. Chukua wa pili au wa tatu, na changanya mikate ya aina mbili kwenye kila trei, mingine mlangoni mingine ndani, vinginevyo utapima upande wa oveni badala ya unga. Chora alama juu ya donge kwa wembe: mkato mmoja kwa wa kawaida, miwili kwa wa muhogo.

Mkate usipimwe kwa macho ya mwenye wazo. Baada ya kupoa saa moja, pima uzito, kisha ujazo kwa mtama. Chukua ndoo, ijaze mtama hadi ukingoni na uusawazishe kwa rula. Umwage mtama wote kwenye chombo kingine, weka mkate ndani ya ndoo, rudisha mtama hadi ukingoni. Mtama uliobaki nje, ukiupima kwa jagi, ndio ujazo wa mkate. Fanya hivyo kwa mikate 3 ya kila aina. Kesho yake kata slesi na uone kama zinameguka. Mkate wa muhogo unaweza kupendeza siku ya kwanza na kuwa makombo siku ya pili, na malalamiko ya duka huja siku ya pili.

Mpango mzima: asilimia 5, 10 na 15, kila moja usiku 3 tofauti, kwa sababu usiku mmoja unaweza kukuambia habari za hamira au baridi tu. Ni usiku 9, kilo 45 za unga wa majaribio. Mfuko ulioharibika ulikuwa kilo 50. Kwa gharama pungufu ya ule usiku mmoja ungekuwa na jibu kamili.

Mambo mawili kabla hujaanza. Mihogo michungu isiyosindikwa vizuri ina sumu ya sianidi, basi nunua unga kwa msindikaji unayemwamini, usichukue wa kuokoteza sokoni. Na ukianza kuuza, kifungashio kiseme kuna muhogo. Pili, piga hesabu ya faida kubwa kabisa unayoweza kupata. Tuseme ngano ni shilingi 2,000 kwa kilo na muhogo 1,500. Kwa asilimia 10 unaokoa shilingi 50 kwa kilo ya unga, shilingi 15,000 kwa siku kwa kilo zako 300. Weka bei zako halisi. Ikitoka ndogo kuliko mikate inayorudishwa kila siku, mwokaji wako ahamishie akili yake kwenye marejesho. Lakini kama wateja wanautaka mkate wa muhogo kwa ladha yake, hilo ni swali jingine, nalo linajibiwa dukani: maduka 2, mikate 20 kila moja, wiki 2, bei ileile.

WAGONJWA WANAJARIBIWA?

Swali: Nasimamia wauguzi kwenye kituo cha afya. Tumeambiwa tuwe wabunifu. Mipaka iko wapi? – Muuguzi kiongozi, Mbeya

Jibu: Foleni, mpangilio wa meza, kabati la dawa, mahali pa kuweka mafaili, muda wa kubadilishana zamu: jaribuni, mradi kila badiliko liweze kurudishwa ndani ya siku moja. Mbeya mna bahati, maana mafunzo ya 5S, utaratibu wa Kijapani wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, kwa hospitali za Tanzania yalianzia kwenu mwaka 2007, na wenye uzoefu hawako mbali. Dozi, dawa, utaratibu wa matibabu: hapana. Hapo mnafuata mwongozo wa wizara kama ulivyo. Anayetaka kufanya utafiti anapitia kibali cha maadili, ambacho kwa utafiti wa afya hutolewa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Karatasi ya ubunifu ya mkuu wa kituo haichukui nafasi yake.

NJIA MPYA IMENIPA TAA MBILI

Swali: Nauza taa za sola nyumba kwa nyumba. Kwenye vijiji vyangu vya siku zote napita nyumba 40 na kuuza wastani wa taa 4. Nilijaribu upande mwingine siku moja, nyumba 40, nikauza 2. Msimamizi anataka tufungue maeneo mapya. Mimi naona nimeshapata jibu. Mkataba wangu umebaki miezi 9. – Muuzaji, Kahama

Jibu: Hujapata. Kama mnunuzi ni mmoja kati ya 10, nyumba 40 zinaweza kukupa taa 1 au taa 8 kwa bahati tu. Mbili ziko ndani kabisa ya hapo. Hata vijiji vyako vya zamani vimewahi kukupa siku ya taa 2, ila hukuvihama kwa sababu unavijua.

Tenga siku moja katika kila siku 5 za kazi kwa upande mpya, kwa wiki 6. Hizo ni nyumba 240. Kama eneo jipya ni sawa na la zamani, utegemee taa 24, na karibu hakika utakuwa kati ya 15 na 33. Ukiwa chini ya 15, rudi kwako kwa amani. Ukizidi 33, geuza mgawo. Ukiwa katikati, angalia kitu kingine: nauli, umbali, wanaolipa taslimu na wanaokopa.

Badilisha siku. Kijiji kinachoenda gulio Alhamisi hakina fedha Jumanne. Na eneo la pamba lina fedha msimu wa ununuzi, katikati ya mwaka. Usilipime Februari ukalinganisha na vijiji vya mshahara.

Ile miezi 9 ni muhimu kuliko unavyodhani. Faida ya kujua njia bora inakusanywa kwenye siku zinazobaki baada ya kujua. Miezi 9 inalipa kujaribu. Ukiwa umebakiza miezi 2, usijaribu tena, uza unapopajua. Kwa sababu hiyohiyo, anayeanza kazi apewe nafasi kubwa ya kujaribu kuliko anayemaliza mkataba, ingawa ofisi nyingi hufanya kinyume.

Tena nyumba iliyonunua taa hainunui nyingine mwezi ujao. Andika mauzo ya vijiji vya zamani kwa wiki. Yakianza kushuka wiki 4 mfululizo, siku moja kwa tano haitoshi, iwe mbili.

MIAKA MITATU YA MTINDI

Swali: Biashara yangu ni maziwa mabichi, nayo inakwenda. Mwaka wa tatu huu natengeneza pia mtindi wa ladha kwenye vikombe. Haujalipa. Nimeshanunua friji, mashine ya kufunga vikombe na lebo. Wafanyakazi 2 wako huko. Nikiacha nitakuwa nimepoteza yote. – Mfugaji, Iringa

Jibu: Fedha za friji na mashine zimeshatoka, uendelee au uache. Swali ni la shilingi ijayo: kama leo usingekuwa na mtindi, ungetoa mtaji kuuanza? Jaribio lisilo na tarehe ya mwisho halijaribu tena, limekuwa gharama ya kudumu, na hao wafanyakazi 2 ni maziwa mabichi yasiyokusanywa.

Wape siku 90 na kiasi cha fedha kisichozidi. Pima vitu vitatu: maduka yanayoagiza tena bila kupigiwa simu, vikombe vinavyorudi, visizidi 5 kati ya 100, na faida ya lita moja ya mtindi ikilinganishwa na lita moja ya maziwa mabichi. Lita moja ni vikombe 5 vya mililita 200. Ingiza kikombe, kifuniko, sukari, umeme, usafiri na vinavyoharibika; watu husahau vinavyoharibika. Vikirudi kwa sababu maji yamejitenga juu, angalia joto: maziwa yachemshwe hadi nyuzi 85 kwa dakika 30, yapoe hadi 43 ndipo kimea (bakteria wa kugandisha) kiingie, yasiguswe hadi yagande, kisha yasitikisike barabarani yakiwa ya uvuguvugu.

Kabla ya kufunga, waangalie wanaonunua mtindi wanaufanyia nini. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya kuanzia Oktoba 2005, kwa wateja wasiofika 500, ilikuwa njia ya kulipa marejesho ya mikopo midogo ya taasisi ya Faulu. Upande wa mikopo ulikuwa mgumu, hesabu za vikundi hazikuingiliana vizuri na mfumo. Lakini waliopewa huduma walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao. Safaricom ikaizindua Machi 2007 kama huduma ya kutuma pesa, na marejesho ya mikopo hayakuwa tena kiini chake. Jaribio lile lingepimwa kwa lengo lake la mwanzo peke yake, lingeonekana limeshindwa.

Kwako inaweza kuwa kwamba vikombe havitoki lakini mama ntilie na shule zinaulizia mtindi usio na sukari kwenye ndoo ya lita 5. Hiyo haihitaji mashine ya kufunga wala lebo ya rangi. Mtu mmoja aulize wanunuzi 20 wiki hii, kwa maswali mawili: umenunua lini mara ya mwisho, na ulikula na nini. Usiwaulize kama wanaupenda, watakuambia wanaupenda.

BOSI HATAKI

Swali: Mimi ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha. Taarifa zilezile za kontena naziingiza mara tatu: kwenye mfumo wa forodha, kwenye jedwali letu na kwenye barua pepe ya mteja. Nilimwambia bosi tuweke njia moja, akasema nifanye kazi niliyoajiriwa. – Karani, Mombasa

Jibu: Ulimletea badiliko la ofisi nzima na huna namba hata moja. Yeye anaona kontena linaweza kukwama na gharama za kuhifadhi bandarini zikaanza kuhesabiwa. Ana haki ya kuogopa.

Kwa wiki 2 andika, kwa kila faili, dakika unazotumia kuingiza mara ya pili na ya tatu, na makosa yaliyotokea hapo: namba ya kontena iliyokosewa tarakimu, uzito uliogeuzwa. Usiandike maoni. Kisha omba kitu kimoja kidogo: mteja mmoja, asiye mkubwa, wiki 3, jedwali lako litoe lenyewe barua pepe ya mteja. Mfumo wa forodha usiuguse kabisa. Huo si wenu. Njia ya zamani iendelee kwa wateja wengine wote, na kwa huyo mmoja uweze kuirudia ndani ya dakika 10. Mwambie bosi mapema utaacha lini: kosa moja likimfikia mteja, unaacha siku hiyohiyo.

Fanya kwa kompyuta ya ofisi, ndani ya saa za kazi, na kwa ruhusa iliyoandikwa, hata ya mstari mmoja kwenye barua pepe. Ukitengeneza nyumbani kwa siri kisha ukaja nalo tayari, utaulizwa kwanza taarifa za wateja zilifikaje kwenye laptopu yako, na mazungumzo yataishia hapo. Soma pia mkataba wako unasemaje juu ya kazi unazotengeneza ukiwa mwajiriwa.

Akikataa hata mteja mmoja, subiri likizo ya karani mwenzako, mafaili yatakapowazidi, umuulize tena ukiwa na zile namba za wiki 2.